Siku Mke Wangu Aliponitetea kwa Madaktari

Sehemu ya Saba

Mikono yangu ilikuwa kooni mwa mpakia boriti, na hapo ndipo nilipowaachia wiki iliyopita. Barua mlizomletea mhariri nimezisoma zote. Mmoja wa Ikwiriri kaniita mnyama. Sikatai, ndugu yangu. Ila nisome mpaka chini, ukinitukana utukane unajua unachotukana.

Kwa uliyelishika gazeti hili leo tu: mimi ni Miraji, koplo mstaafu, mtu wa Mbwera, kule kwenye visiwa vya delta. Nilipelekwa kulinda amani nchi ya watu. Kombora likapiga gari letu. Muharami alikuwa amekaa kulia kwangu, ananihadithia harusi ya dada yake. Nilimwokota vipande.

Mimi nikarudi na chuma nyuma ya sikio la kushoto, na ugonjwa mwingine usioonekana kwenye picha. Kishindo chochote kikilia, mikono yangu inaanza kazi kabla mimi sijajua kuna nini.

Madaktari wa madai ya ulemavu wameshanipima mara mbili, na mara zote mbili wamenikataa. Kosa ni langu. Wa kwanza aliniuliza, "Unaendeleaje, koplo?" Nikajibu kama nilivyolelewa: "Salama, daktari, alhamdulillah." Akaandika anaendelea salama. Wa pili alinibonyeza kisogo, akauliza kama inauma. Mwanamume nimetoka jandoni, nilie mbele ya wauguzi wasichana? Nikasema haiumi. Akaandika haimuumi.

Hii ya sasa ni rufaa, na rufaa ni moja tu. Wakinikubali, nalazwa, natibiwa kichwa hata kama ni mwaka mzima. Wakinikataa, faili linafungwa, narudi nyumbani na mikono yangu hii hii.

Na nyumbani yupo Tasnim, mwanangu wa miaka sita.

Ijumaa moja, mchana, sufuria ilianguka jikoni. Nilipozinduka nilikuwa nimemkaba mtoto shingo. Macho yalikuwa yamemtoka. Mke wangu Semeni alikuwa ameniuma begani mpaka damu inamchuruzika kidevuni, na bado nilikuwa sijaachia. Siku ile niliapa: ama natibiwa, ama siishi tena nyumba moja na mwanangu.

Haya. Turudi Nyamisati, bandarini.

Tulikuwa tumeshuka kwenye boti asubuhi, tunakwenda Kibiti kwenye vipimo. Kijana mmoja, Amri, akaporomosha mzigo wa boriti kutoka begani. Paa! Nilipopata fahamu nilikuwa nimemlaza kwenye tope, goti kifuani, vidole kooni, na ulimi wake uko nje.

Sikumwachia kwa hiari. Shemeji yangu Sufiani alinipiga kasia la mgongo, nikazidi kukaba. Akanipiga la pili, nikaanguka.

"Shemeji! We shemeji, unaua mtu!"

Sufiani ndiye kaka wa Semeni, kazi yake kukata mikoko. Msimwone mpole. Mwaka juzi alimkata mwizi wa nyavu vidole viwili, kisha akampeleka mwenyewe hospitali huku anamhimiza asilie.

Amri akainuka, anakohoa, ameshika chuma cha kufungulia mizigo. Wenzake wanne nyuma yake. Nikajua leo nazikwa Nyamisati.

Semeni akaingia katikati. Mkono wake wa kushoto haunyooki vizuri, akaunyanyua hivyo hivyo uliopinda.

"Kaka zangu, nisamehewe mimi. Mume wangu malaria imempanda kichwani. Hajui alitendalo. Nawaomba, kaka zangu."

Wakamhurumia, si kwa ajili yangu. Amri alitema mate yenye damu karibu na kiatu changu, akaondoka.

Malaria! Kwa Semeni mimi nina malaria mwaka wa tatu sasa. Nilipovunja mlango wa msikiti, malaria. Nilipompiga muuza samaki mpaka akazimia, malaria. Semeni alichezwa ngoma ya unyago na bibi yake, Bi Mwanamize, na walimwapisha huko ndani: aibu ya mumeo ni nguo yako, ukiitoa umetembea uchi. Mke wangu hajatembea uchi hata siku moja.

Hata huo mkono. Mimi ndiye niliyemvunja, mwezi wa nane, kwa mchi wa kutwangia. Kaka yake akaambiwa aliteleza kwenye tope akaangukia mtumbwi. Sufiani akaamini, akamletea dada yake samaki wa kumpa nguvu, na mimi nikawala.

Kwenye boti tulikuwa tumepanga na Semeni, kwa kunong'onezana, Sufiani akiwa mbele na nahodha. Bodi ya madaktari inataka mashahidi wawili: anayeishi na mgonjwa, na ndugu mwingine. Kila mmoja anaingia peke yake.

"Utasema yote?" nikamuuliza.

"Nitasema."

"Na mkono?"

Akaupapasa. "Na mkono. Na Tasnim. Kwa ajili ya mwanangu nitasema, Baba Tasnim. Ila kaka asisikie. Kaka akisikia, huvuki naye mto ukafika."

Nilijua si maneno ya kutisha tu.

Kibiti madaktari walikuwa wamepewa jengo la kukodi, nyuma kidogo ya barabara kuu. Benchi limejaa wenzangu: huyu mguu wa bandia, yule kajifunga kitambaa jicho moja. Mmoja akaniambia nijikojolee, eti ndiyo inayowalainisha. Nikamwambia ajikojolee yeye.

Daktari alikuwa mwanamke, mtu mzima, Daktari Zuhra. Alinisimamisha mguu mmoja. Akanitembeza kwenye mstari. Akaninong'oneza sikio la kushoto, sikusikia kitu. Akaiweka picha yangu ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha.

"Kipande nakiona," akasema. "Sikio hili limekufa, hilo nakuandikia. Lakini sikio halimfanyi mtu akabe watu. Wewe unadai akili."

"Ndiyo, daktari."

"Unaendeleaje?"

Safari hii nilikuwa nimejiandaa. "Vibaya, daktari. Vibaya sana. Na kisogoni ukinibonyeza panauma."

Akatabasamu upande. "Umefundishwa na nani?"

Mkweli nimekuwa mwongo, jamani!

"Koplo," akasema, "wiki hii nimeona watu tisa wenye akili zilizoharibika. Mmoja kamng'ata karani wangu. Nilipokwenda kunywa chai nikamkuta huyo huyo anacheza bao na wenzake, anahesabu kete kwa kichwa. Simwamini mtu aliyekaa kwenye kiti hicho. Namwamini anayelala naye nyumba moja. Mkeo yupo?"

"Yupo."

"Ally! Lete shahidi."

Ally ndiye karani, bandeji mkononi, hasira usoni. Foleni ilikuwa ndefu na yeye alitaka kufunga. Badala ya kumwita mmoja, nilimsikia anapaza sauti huko nje: "Mashahidi wa Miraji, wote ndani! Haraka!"

Semeni akaingia. Nyuma yake, Sufiani.

"Daktari," nikasema, "tuliambiwa mmoja mmoja."

"Nina watu kumi na wanne nje. Kaeni."

Sufiani akakaa, kofia mkononi, heshima tupu. Semeni alinitazama mara moja, kisha akatazama chini. Nikajua tumekwisha.

"Mama," daktari akaanza, "mumeo anasema anapandwa na hasira mpaka anapiga watu. Wewe amewahi kukupiga?"

Semeni akavuta kanga. "Mimi?"

"Wewe."

"Hata kibao sijawahi kuonja, daktari. Mume wangu ni mpole."

"Mpole?"

"Wanawake wenzangu wananionea wivu."

Kalamu ikaandika. Niliisikia ile kalamu kwa sikio langu moja zima, wallahi niliisikia.

"Na mkono huo umefanya nini?"

"Niliteleza kwenye tope, nikaangukia mtumbwi."

"Mtoto mnaye?"

"Yupo, wa kike. Baba yake anampenda, anamlisha kwa mkono wake."

Kila neno lilikuwa linanifungia mlango. Na hakuwa na ubaya, huyu mwanamke! Alikuwa ananifunika kama alivyofundishwa, mbele ya kaka yake, asinione nachinjwa. Alikuwa ananipenda, na kwa kunipenda ananirudisha kwa Tasnim na mikono hii.

Ndugu msomaji, ungefanya nini? Ningenyamaza, ningetoka pale salama. Sufiani angenipigapiga mgongoni, tungekunywa chai, tungerudi Mbwera. Na siku nyingine sufuria ingeanguka.

"Anadanganya," nikasema.

"Baba Tasnim!"

"Anadanganya, daktari. Mkono huo nimeuvunja mimi, kwa mchi, mapigo mawili. La kwanza halikuvunja. Na mtoto nilimkaba shingo mwezi uliopita mpaka akabadilika rangi. Huyu mama yake angechelewa kidogo kuniuma, tungezika. Andika hivyo."

Semeni akajifunika uso.

Sufiani akainuka taratibu. "Shemeji, umesema nini?"

"Umesikia."

"Tasnim?"

"Ndiyo."

"Mwana wa dada yangu? Ulimkaba Tasnim?"

Hakungoja jibu. Alinirukia juu ya meza ya daktari, mafaili yakatawanyika. Kichwa chake kilitua puani kwangu, nikasikia mfupa unakatika. Akanipiga ngumi ya mdomo, jino likaenda. Nilisema moyoni, Miraji usijibu, tulia, umestahili. Nilitulia kweli. Ngumi tatu nzima nilitulia.

Kisha kiti kikaanguka kwenye sakafu. Paa!

Nilichofanya baada ya hapo nilisimuliwa. Nilimpiga ngwala, nikamlaza, nikamkalia mgongoni, nikampiga kabali. Wanasema uso wake uligeuka mweusi. Wanasema Semeni alinivuta nywele, Ally akanipiga na kiti hicho hicho, na mimi nilikuwa nahesabu kwa sauti kama tulivyofundishwa jeshini: moja, mbili, tatu, nne. Nilifika kumi na moja.

Nilipozinduka nilikuwa ukutani, watu watatu wamenishika. Sufiani alikuwa sakafuni anahema, damu inamtoka puani na sikioni. Daktari Zuhra alikuwa amesimama kwenye kona, kalamu bado mkononi.

Nikalia. Nililia kwa furaha, Mungu anisamehe. Nikasema, "Daktari, umeona? Sasa umeona mwenyewe!"

Akarekebisha ushungi wake. "Nimeona."

"Basi niandikie."

"Nimeona mtu akisema jambo, shemeji yake akamrukia palepale, wakavunja kiti changu. Koplo, huu mchezo wa ndugu kupigana mbele yangu nimeshauona Mkuranga, nimeuona Kilwa. Nyie angalau mmetoa damu."

"Mchezo? Jino langu hilo hapo sakafuni!"

"Kuna aliyejikata kidole."

Ally aliliokota lile jino kwa karatasi, akalitupa kwenye ndoo.

Daktari akaketi, akamgeukia Semeni. Sauti yake ilikuwa imelainika, na nafikiri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kudanganywa.

"Mama, sikiliza. Neno lako ndilo nitakaloandika. Kama mumeo anasema kweli, namwandikia mgonjwa, anakwenda kutibiwa. Lakini mtoto ameshatajwa hapa, na mtoto akitajwa mimi sinyamazi. Napiga simu polisi sasa hivi, wamchukue kwanza wao, mengine yafuate. Kama ulianguka, uliangukia mtumbwi, basi ni mzima, namfungia faili na mnaondoka naye. Ulianguka au ulivunjwa?"

Semeni akainua uso. Alinitazama, akamtazama kaka yake pale chini. Nikamwashiria kwa kichwa: sema. Nikasema kwa sauti: "Sema, mke wangu. Polisi si kitu. Sema."

Nilimwona anafungua mdomo. Naapa alikuwa anakwenda kusema.

"Alianguka."

Aliyesema ni Sufiani. Alikuwa ameketi, anajifuta damu kwa ile kofia yake.

"Alianguka, daktari. Mimi nilikuwepo. Nilimtoa mwenyewe kwenye tope."

"Na huku kupigana?"

Sufiani akacheka. Meno yote mekundu. "Sisi mashemeji, daktari. Tunataniana. Kwetu utani wa mashemeji ndivyo ulivyo, mkono unaingia kidogo. Au siyo, shemeji?"

"Una malalamiko juu yake?"

"Malalamiko ya nini? Shemeji yangu mzima kabisa huyu. Mwandikie mzima, tupande naye boti turudi nyumbani."

Nikaelewa. Polisi wangenifungia ndani, na hospitali ingenifungia ndani, na popote pale mkono wa Sufiani usingenifikia. Mzima anarudi Mbwera. Na kati ya Nyamisati na Mbwera kuna vijito ambavyo Sufiani peke yake anajua vinaishia wapi.

"Daktari, huyu anataka kuniua!"

"Jamani shemeji," akasema Sufiani kwa upole. "Mbele za watu?"

"Daktari, waite polisi. Nakuomba mimi mwenyewe. Nimekosa, waje wanichukue!"

Daktari Zuhra akatikisa kichwa. "Koplo, mtu aliyeharibika akili hapangi hoja hivyo. Mama, nasubiri jibu lako."

Semeni akajipangusa macho kwa ncha ya kanga. Alimtazama kaka yake kwa shukrani, ndugu zangu, kwa shukrani! Alidhani kamsamehe mumewe. Alidhani wote wawili sasa wananifunika.

"Ni kama kaka alivyosema," akajibu. "Niliteleza."

Muhuri ukagongwa. Ulipogonga meza nilishtuka mwili mzima, wale watatu wakanibana ukutani, na daktari hakuinua hata macho. Alikuwa anamwita anayefuata.

Nje kwenye baraza Semeni alinifuta damu puani. "Nimekuokoa, Baba Tasnim. Wangekufunga."

"Semeni, kaka yako umemsikia?"

"Nimemsikia. Kakusamehe. Nani mwingine angekutetea vile baada ya kipigo kile?"

"Hajanisamehe. Ananirudisha aniue."

"Usimkosee kaka yangu," akasema, na safari hii alikasirika kweli. "Umemtia damu masikioni na bado amekusitiri. Muombe radhi."

Sufiani alikuwa pembeni anaongea na simu. Akarudi, amebeba begi langu begani kama shemeji mwenye adabu zake.

"Boti inatungoja Nyamisati, maji yakijaa tunaondoka. Abiria wengine nimewaambia wapande ya kesho." Akamgeukia dada yake. "Dada, we leo usije. Lala kwa shangazi Salima hapa Kibiti, kesho uonyeshe mkono wako hospitali. Haukuungwa vizuri huo. Mimi na shemeji tunatangulia."

"Na Tasnim?"

"Tasnim yupo kwa bibi yake. Hamna shida."

Nikamtazama Semeni. Neno lake moja tu, twende wote, na nisingekuwa peke yangu kwenye ile boti. Nilimwita kwa macho. Nilimwita kwa jina.

Ningeweza kukimbia, na hilo nalikiri hapa. Kibiti barabara iko wazi, malori hayakosekani. Ila kila nilipojiona nimekimbia, nilijiona baada ya miezi miwili nimerudi, mlangoni kwangu, Tasnim ananikimbilia anicheke pengo la jino, na jikoni kuna masufuria. Madaktari wamesema hakuna dawa kwa sababu hakuna ugonjwa. Sufiani je? Nilisimama pale barazani, damu inanikaukia mdomoni, na nikaanza kufikiri kwamba labda huyu ndiye daktari aliyebaki.

Semeni alinifungia kifungo cha shati kilichofunguka kwenye ugomvi, kwa ule mkono uliopinda, taratibu, hakikumtii mara ya kwanza.

"Nendeni salama," akatuambia.

Sufiani akasimamisha pikipiki ya abiria, akanionyesha kiti kwa mkono.

"Tangulia kupanda, shemeji," akasema. "Mimi nitakaa nyuma yako."

Nikapanda.